Mita inasoma volti 5, mbona gemu inazima?

Mpwa wangu alifika kwangu Mabatini, Mwanza, jioni moja amebeba boksi la plastiki, yale ya kuwekea chakula. Ndani yake kuna mashine ya gemu aliyoiunga mwenyewe: Raspberry Pi Zero 2 W, kompyuta ndogo ya bodi moja, aliyoipata kwa mkono wa pili, kioo cha inchi 4.3 cha kamera ya kurudi nyuma ya gari, vitufe vya pedi ya PlayStation iliyovunjika, spika ya redio, na betri moja aliyoitoa kwenye pakiti ya laptopu. Inawaka, inacheza. Ina ugonjwa mmoja tu: akifunga goli, inazima. Akifungwa inazima pia, ila hilo halimuumi sana. Wiki nzima alikuwa anatafuta sare ya bila kufungana, kama timu iliyokwenda ugenini kulinda pointi moja.

"Mjomba, volti 5 zipo. Nimepima mara kumi."

Na kweli zilikuwepo. Mita ilisoma 5.02. Wengi wanaotengeneza vitu hivi hukwama hapo hapo, kwa sababu regyuleta, kile kifaa cha kutuliza volti, inauzwa kwa volti, fundi anaitaja kwa volti, na sisi tunaipima kwa volti. Uliza dukani "hii ya ngapi?" utajibiwa "ya tano." Hakuna anayekuuliza utaibebesha mzigo gani, wala betri itakuwa imebaki na nini wakati huo.

Anayekaa kwenye nyumba za juu ya mawe, iwe hapa kwetu au Igogo, hahitaji somo refu. Fungua bomba saa tisa usiku uone maji yanavyoruka nje ya ndoo. Fungua tena saa kumi na mbili jioni, bondeni kote wameshafungua ya kwao, huku juu yanadondoka tone tone. Tanki ni lile lile, bomba ni lile lile. Presha uliyoiona usiku ilikuwa ya bomba ambalo hakuna anayelitumia. Volti ni presha hiyo, ampea ni maji yenyewe yanayopita. Mpwa wangu alikuwa amepima saa tisa usiku.

Tuanze na kazi ya regyuleta. Neno lenyewe tunalo jikoni kwenye mtungi wa gesi, na wa bodaboda wanalo gereji. Kote maana ni moja: upande wa kuingilia unapanda na kushuka, upande wa kutokea unatakiwa utulie. Betri ya laptopu ya namna ile inaitwa 18650, na jina hilo ni vipimo vyake tu, kipenyo milimita 18 na urefu milimita 65. Ikijaa ina volti 4.2, muda mwingi inazungukia 3.7, ikifika 3.0 hesabu kwamba imekwisha. Pi inataka 5, na haina subira. Ndugu zake wakubwa, kama Pi 3 na Pi 4, volti ikishuka kwenye 4.63 hivi hutoa onyo. Familia ya Zero haina kipimo hicho. Yenyewe inaganda au inajiwasha upya bila kukuaga.

Kwa hiyo kuna pengo la kupandisha volti. Fundi redio wa zamani akisikia volti 5, mkono unakwenda wenyewe kwenye 7805, kile kijidude cheusi chenye miguu mitatu na kibati chenye tundu. Mpwa wangu naye alianzia huko. Baba yake mdogo anavua dagaa, kwa hiyo mpwa wangu akaazima kwake betri ya volti 12 ya taa za mtumbwini, akaweka 7805 katikati. Ilifanya kazi dakika chache. Kisha akanionyesha kidole kilichoungua.

7805 ni mguu uliokanyaga mpira wa maji. Ampea zote zinazokwenda kwenye gemu zinapita ndani yake, na volti zinazozidi inazigeuza joto. Betri ile ikiwa imejaa ina 12.6. Toa 5, zinabaki 7.6. Zidisha kwa ampea 0.9 alizokuwa anatumia, unapata karibu wati 7 za joto kwenye kitu kidogo kuliko ukucha wa dole gumba. Bila bati la kupozea, kila wati moja inakipandisha nyuzi 65 hivi juu ya joto la hewa. Wati 2 tu zinatosha kukivusha nyuzi 150, ambako kinajizima chenyewe kisiungue. Na hata kisingejizima, umeme anaoutumia kucheza ungekuwa kama asilimia 40 ya anaoutoa kwenye betri, unaobaki unapasha boksi. Juu ya hayo, 7805 inataka upande wa kuingilia uzidi wa kutokea kwa volti 2 hivi. Betri moja ya laptopu haifiki hata 5. Mguu unaweza kukanyaga mpira, hauwezi kuongeza presha.

Kinachoongeza ni aina nyingine kabisa, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda. Umewahi kufunga koki ghafla ukasikia bomba linagonga ukutani? Maji yaliyokuwa yanakimbia yamezuiwa, lakini uzito wake bado unataka kwenda, basi kwa kitambo kidogo presha pale kwenye koki inapanda kuliko hata ya tanki. Kipandisha volti kinafanya hivyo hivyo kwa umeme. Kuna koili, yaani waya uliozungushwa, kuna transista inayofanya kazi ya koki, kuna dayodi, na kuna kapasita ya kuhifadhi umeme kidogo. Transista ikifunguka, mkondo wa betri unakimbia kupitia koili kwenda hasi na kushika kasi. Transista inafunga. Koili haikubali mkondo wake ukatike ghafla, inausukuma kwa nguvu, na volti yake inajumlishwa juu ya ile ya betri. Umeme unaruka kupitia dayodi, ambayo haiuruhusu kurudi, unaingia kwenye kapasita. Kisha mchezo unaanza upya. Bodi ndogo ya bluu aliyonunua mpwa wangu ina chipu ya MT3608, inayorudia hivyo mara milioni 1.2 kwa sekunde.

Kupata 5 kutoka 3.7, transista inakaa wazi karibu robo ya muda. Betri ikishuka hadi 3.3, inabidi ikae wazi theluthi. Nani anaipangia? Boya. Kwenye tanki la nyumbani boya likishuka maji yanaingia, likipanda yanakatika. Ndani ya bodi kuna rezista mbili zinazochukua kipande cha volti inayotoka na kukipeleka kwenye chipu, ikilinganishe na volti 0.6 iliyonayo ndani. Kikipungua, transista inaongezewa muda. Kikizidi, inapunguziwa. Moja ya rezista hizo ndiyo ile yenye skrubu ndogo ya shaba juu ya kiboksi cha bluu.

Skrubu hiyo, shika adabu nayo. Bodi ikiwa mpya usitegemee kwamba imewekwa 5, na unaweza kuizungusha kinyume cha saa mizunguko kumi au zaidi kabla namba haijaanza kusogea. Chipu hii inaweza kutoa hadi volti 28. Mimi nilishaunga kioo kwanza nikasema nitarekebisha baadaye. Kilitoa mwanga mweupe mmoja mzuri sana, kikanuka, basi. Siku hizi naweka mita kwenye mdomo wa kutokea, nazungusha mpaka 5.1, ndipo natafuta waya.

Turudi kwenye goli. Bodi ile iliuzwa kwa maneno "2A." Mpwa wangu akapiga hesabu: Pi, kioo na sauti vikiwa kwenye kilele havizidi ampea 1.2, kwa hiyo amebaki na nafasi kubwa. Kosa lake ni dogo na karibu kila mtu hulifanya. Ile 2A ihesabu kuwa ni ya mkondo unaopita kwenye koili na transista, yaani upande wa betri, na pande hizi mbili hazilingani. Bodi haitengenezi umeme. Ukitaka volti nyingi zaidi huku, utatoa ampea nyingi zaidi kule. Volti 5 mara ampea 1.2 ni wati 6. Bodi ya namna hii hupoteza kidogo njiani, tuseme inafikisha asilimia 85, basi betri inatakiwa kutoa karibu wati 7. Betri ikiwa na 4.1, wati 7 ni ampea 1.7. Ikiwa na 3.3, ni ampea 2.1. Gemu ni ile ile, goli ni lile lile, lakini betri inavyochoka ndivyo inavyobebeshwa zaidi.

Redio ya kawaida haiko hivyo. Betri ikichoka, redio inapunguza sauti, inakula kidogo, inajiburuta hadi usiku. Kipandisha volti hakijui kujiburuta. Kitadai wati zake zote, na kikipewa volti pungufu kitavuta ampea zaidi.

Sasa weka waya katikati. Betri kuukuu ya laptopu ina ukinzani wake wa ndani, yaani kile kinachozuia mkondo, tunachokipima kwa ohmu. Bodi ya kulinda betri ina wake kidogo. Swichi ndogo ya kusogeza ina wake, na waya mwembamba aliokata kwenye chaja ya simu una wake. Kila kimoja ukikipima peke yake utakiona si kitu. Kwenye mashine ya mpwa wangu jumla ilikuwa karibu ohmu 0.3. Betri ina 3.6. Bodi inataka wati 7, kwa hiyo inavuta ampea 1.94. Ampea hizo zikipita kwenye ohmu 0.3 zinapoteza volti 0.58 njiani, bodi inapata 3.02 badala ya 3.6. Kwa 3.02, ili itimize wati zake, inabidi ivute 2.32. Upotevu unaongezeka, inapata 2.9, inavuta 2.41. Inapungua tena kidogo, inavuta zaidi kidogo, mpaka inatulia kwenye ampea 2.44 hivi, volti zikiwa chini ya 2.9. Hapo bahati imekuwa nzuri, imetulia. Betri ikishuka zaidi, au waya ukiwa mbovu zaidi, haitulii popote, inaporomoka moja kwa moja.

Tulilithibitisha mezani bila gemu. Nilichukua rezista mbili nyeupe za saruji, ohmu 10 wati 5 kila moja, nikaziunga sambamba zikawa ohmu 5, nikaziweka mahali pa Pi. Hiyo ni ampea 1 kamili, haina mchezo wala goli. Kisha mita ikatembea kutoka betri kwenda mbele. Kwenye ncha za betri, ambayo bila mzigo ilikuwa 3.60: 3.36. Baada ya bodi ya kulinda: 3.27. Baada ya swichi na waya, pale inapoingia kwenye kipandisha volti: 3.01. Mpwa wangu akaisogelea mita kama anasoma matokeo ya mtihani. Robo ya volti ilikuwa imekufa kwenye swichi ya bei ya andazi na waya wa chaja. Swichi ndogo za namna ile nyingi zimetengenezwa kwa nusu ampea au chini ya hapo. Hii ilikuwa inapitisha 2.

Upande wa pili nako kulikuwa na jambo. Kwenye mdomo wa kipandisha volti, 4.96. Kwenye mwisho wa waya, pale Pi inapokaa, 4.83. Boya linaona maji ya kwenye tanki lake tu, halijui bomba lililobanwa bondeni. Bodi inapima mlangoni kwake na kuridhika, njaa iko mwisho wa waya.

Na kwa nini goli, kwa nini isiwe kona? Kwa sababu ya mashabiki. Mpira ukiingia uwanja mzima unalipuka, na amplifaya ndogo inayoendesha spika inavuta mkondo kwa vishindo. Mita yetu ya bei nafuu inasoma mara mbili tatu kwa sekunde na kukupa wastani, kwa hiyo ile ampea 1.2 tuliyoiona ni kilele kilichopigwa pasi. Vilele vyenyewe viko juu zaidi na ni vifupi. Alipopunguza sauti mpaka chini kabisa, alifunga magoli matatu bila kuzima. Jibu lilikuwa pale siku zote, ila nani anataka kufunga goli kimyakimya?

Watu watakwambia weka kapasita kubwa, tatizo litaisha. Weka, haitadhuru, lakini piga hesabu kwanza. Kapasita ya maikrofaradi 1000 ikidaiwa nusu ampea ya ziada inashuka nusu volti ndani ya sekunde moja ya elfu. Kelele za mashabiki zinadumu sekunde nzima na zaidi. Kapasita ni kikombe cha kukupooza koo wakati ndoo inafika, nayo ndoo isipofika kikombe hakina msaada. Tuliweka moja karibu kabisa na Pi kwa ajili ya vile vishindo vifupi, na nyingine ndogo ya kauri pembeni yake. Zilipunguza pia mluzi uliokuwa unasikika kwenye spika. Mluzi uliobaki uliondoka tulipoipa sauti waya wake wa hasi unaokwenda moja kwa moja kwenye kipandisha volti, badala ya kuazima ule wa kioo.

Dawa yenyewe ilikuwa kufupisha na kunenepesha njia. Waya wa chaja ukatoka, ukaingia waya wa taa za pikipiki, vipande vya sentimita nne tano. Swichi ikabadilishwa na nyingine kubwa ya kubonyeza, imeandikwa ampea 3. Kipandisha volti nacho tukabadilisha, tukachukua chenye koili kubwa zaidi, kilichoandikwa 5A. Safari hii mpwa wangu aliuliza mwenyewe, "Hizo 5 ni za kuingia au za kutoka?" Muuzaji wa Makoroboi alimtazama kama ameuliza umri wa mama yake.

Betri zikawa mbili badala ya moja, zimeungwa sambamba, chanya kwa chanya. Volti hazibadiliki, ila kila moja inabeba nusu ya mzigo, na ukinzani wa ndani unagawanyika mara mbili. Hapa kuna hatari ya kweli. Kabla ya kuziunga, kila moja ijazwe peke yake hadi 4.2. Ukiunga iliyojaa na iliyoisha, iliyojaa itamimina mkondo kwa mwenzake bila breki yoyote. Na usichomelee risasi moja kwa moja kwenye mwili wa betri, joto linaiumiza ndani. Unapobomoa pakiti ya laptopu, acha vibati vya nikeli vilivyoshikizwa kiwandani, chomelea kwenye vibati. Betri iliyovimba au yenye kutu usibishane nayo, weka kando. Na ile mpya iliyoandikwa ujazo wa mAh 9900 waachie wanaoiuza, kwa sababu 18650 nzuri za madukani nyingi zinaishia karibu na 3500.

Alitaka kujua kama asingepata nafuu kuziunga kwa mfuatano, chanya ya moja kwa hasi ya nyingine, apate volti 7.4, kisha ashushe. Kwa waya, ndiyo: wati 7 kwenye volti 7.2 ni ampea 1 tu, na swichi ingepumua. Lakini betri za mfuatano zinataka chaja ya volti 8.4 na bodi ya kuzisawazisha, moja isije ikajaa kupita mwenzake. Betri za sambamba zinajazwa na bodi ya TP4056 ambayo iko kila kona, kwa chaja yoyote ya simu. Kwa kijana anayechajia kwa rafiki yake umeme ukikatika kwao, nisingesita kuchagua sambamba. Sharti ni moja, asicheze huku inachaji. TP4056 inajua betri imejaa pale mkondo unaposhuka hadi sehemu ya kumi ya kiwango chake, na gemu ikiwa inakula pembeni mkondo hauwezi kushuka huko.

Alikuwa pia na ndoto ya PlayStation 2, kwa vile ndizo alizokulia kwenye vibanda vya gemu. Nilimwonyesha maandishi kwenye adapta ya ile nyembamba: volti 8.5, ampea 5.65. Ni wati 48. Hicho ni kiwango cha juu, sawa, lakini hata ikila nusu yake betri yake moja isingefika nusu saa. Alikunja uso, akaahirisha.

Tulirudisha rezista za saruji, tukapima upya. Mlangoni mwa kipandisha volti, 3.3 na ushee pale palipokuwa na 3.01. Kwenye Pi, 5.03. Akarudisha gemu, akapandisha sauti mpaka mwisho, akachagua timu dhaifu kuliko zote akaipa kompyuta, yeye akachukua kali. Goli la kwanza liliingia dakika ya nne. Uwanja ukalipuka, mimi nikiwa nimeikodolea macho mita: 4.97. La tano lilipoingia, dada yangu akapiga simu kuuliza kama mtoto wake anarudi kula au analala huko huko.